Samaki wa vilindini hahitaji mwili mgumu
Wengi huamini kwamba samaki wa vilindini lazima awe na mwili mgumu ili asipondwe na mgandamizo wa maji. Sivyo. Samaki aitwaye Pseudoliparis swirei wa Mfereji wa Mariana, bonde lenye kina kirefu chini ya Bahari ya Pasifiki, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 2017, amenaswa hadi mita 7,966, naye ni mlaini kama jeli, hana hata gamba moja. Kinachopondeka kirahisi ni hewa, na yeye hana kibofu cha hewa, kifuko kinachowasaidia samaki wengi kuelea.

Ulaini huo ndio unaowasumbua wanaompima: akitolewa majini, joto la huku juu humlegeza upesi. Atiwe kwenye maji ya barafu mara moja, apigwe picha kabla rangi hazijapotea, kisha kipande cha nyama kihifadhiwe kwenye alkoholi kabla samaki mwenyewe hajatiwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia miili, maana formalini huharibu DNA. Ukichelewa, hata vipimo vya mwili haviaminiki.