Kukosa homa hakumaanishi kukosa maambukizi kwa mgonjwa wa sirosisi

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba mgonjwa wa sirosisi, yaani mwenye ini lililojaa makovu, akiwa hana homa wala maumivu basi hana maambukizi ya bakteria. Imani hiyo si sahihi, na kwa mgonjwa mwenye maji tumboni inaweza kugharimu maisha.

Ini lililoharibika hushindwa kuchuja ipasavyo bakteria wanaopenya kutoka utumbo, na bandama iliyovimba hushikilia sehemu ya chembe nyeupe za damu, hivyo kipimo cha damu chaweza kuonyesha idadi ya kawaida ilhali maambukizi yameshaanza. Wakati mwingine dalili pekee ni mgonjwa kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, au kupungukiwa mkojo, mambo ambayo ndugu huyachukulia kuwa uchovu tu.

Ndiyo maana mgonjwa mwenye maji tumboni anapolazwa, maji hayo yanapaswa kuvutwa kidogo kwa sindano na kupimwa, hata kama halalamiki chochote. Nyutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zikifika 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, antibiotiki huanzishwa mara moja bila kusubiri majibu ya kuotesha bakteria, ambayo mara nyingi hurudi bila kuonyesha kitu hata pale ugonjwa upo. Wagonjwa wengi huongezewa pia albumini, protini ya kawaida ya damu, kwa njia ya mshipa, kwa kuwa maambukizi haya huwa mepesi kuziangusha figo.