Jua limezama, friji bado inanguruma: umeme unatoka wapi?

Ukilala nyuma ya pikapu porini, sauti utakayoizoea ni ya friji. Inanguruma dakika chache, inanyamaza, usingizi unaanza kukuchukua, inanguruma tena. Paneli ya sola juu ya paa haina kazi tangu magharibi. Je, wajua friji hiyo inakula nini mpaka kunakucha?

Inakula betri, utasema, na ni kweli. Ila betri yenyewe isingefika mbali kama si huko kunyamaza. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kupozea, huvuta wati 45 hadi 60 inaponguruma. Ingenguruma saa 24 mfululizo, ingetaka zaidi ya wati-saa 1,000 kwa siku, na paneli ya wati 100 isingefua dafu. Lakini kompresa huwaka pale tu joto la ndani linapopanda kupita kiwango ulichopanga, likishuka huzima. Siku isiyo na joto kali hufanya kazi kama theluthi moja ya muda, kwa hiyo hesabu hushuka hadi wati-saa 400 hivi.

Usichanganye friji hiyo na yale masanduku ya baridi yasiyo na kompresa. Hayo hutumia jambo aliloligundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita mahali metali mbili tofauti zinapoungana, huhamisha joto, upande mmoja ukapoa na mwingine ukachemka. Ni mepesi na hayana makelele, lakini huvuta umeme karibu bila kupumzika, na mengi hushusha joto nyuzi 20 tu chini ya lile la nje. Nje kukiwa nyuzi 38, maziwa yako yamo kwenye nyuzi 18, yanaganda kwa ukali na si kwa baridi. Kwa umeme wa sola, achana nayo.

Sasa turudi juani. Wati 100 zilizoandikwa mgongoni mwa paneli ni za maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi 25 tu. Juu ya paa la gari mchana, seli hufika nyuzi 60 bila shida, na kila uzi unaozidi 25 huzipunguzia seli za silikoni karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Hapo asilimia 14 imeshakwenda. Ongeza vumbi la barabara, ongeza na kwamba paneli imelala bapa badala ya kulielekea jua. Mimi huhesabu 70 kwa kila 100, na siku nzima ya anga safi naihesabu kama saa 5 za jua kamili. Jumla wati-saa 350. Friji inataka 400. Ndiyo maana wenye uzoefu huanzia wati 150 au 200, na wala si kwa kujionyesha.

Hapa pana kizungumkuti kinachonichekesha kila safari. Jua lile lile linaloilisha friji ndilo linaloichosha. Ukiegesha juani, paneli inashiba, lakini nyuma ya pikapu iliyofunikwa hugeuka tanuri na kompresa haizimi. Ukiegesha chini ya mti, friji inastarehe na paneli inalala njaa. Tena kivuli hakihitaji kuwa kikubwa. Seli za paneli, kwa kawaida 36, zimeungwa moja nyuma ya nyingine, mfano wa watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji: mmoja akisimama, mstari wote umesimama. Watengenezaji huweka diodi, vali ndogo za umeme, ambazo huuwezesha umeme kuuruka upande uliotiwa kivuli, lakini hata hivyo tawi moja laweza kukunyang'anya nusu ya umeme. Dawa yake ni paneli ya kukunja yenye waya mrefu: gari kivulini, paneli juani, nawe unaisogeza kila jua linapohama.

Betri nayo ina hadithi yake, nami niliilipia. Safari ya kwanza nilichomeka friji kwenye soketi ya dashibodi, nikalala kwa amani. Asubuhi nikazungusha ufunguo, gari likajibu "tik" moja basi. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyingi nyembamba. Imeumbwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha ijazwe upesi, haikuumbwa kunyonywa usiku kucha. Friji nyingi zina kinga inayozima kompresa volti zikishuka, yenye viwango vitatu. Yangu nilikuwa nimeiacha kwenye kiwango cha chini, ambacho kinafaa betri ya pembeni tu. Tangu siku hiyo friji ina betri yake peke yake.

Betri hiyo ya pili ikiwa ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100, itumie nusu tu kama unataka idumu: ampea-saa 100 mara volti 12 ni wati-saa 1,200, kwa hiyo nusu yake ni 600 hivi. Ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma, yenye ampea-saa zile zile, unaweza kuitumia karibu yote, kama wati-saa 1,200, na uzito wake ni karibu nusu. Siku mbili tatu za mawingu zinavumilika. Udhaifu wake ni kwamba haitaki kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, jambo la kukumbuka ukipanda milimani.

Kati ya paneli na betri lazima kiwepo kidhibiti chaji, kwa sababu paneli ya "volti 12" hufanya kazi vizuri kwenye volti 18 hivi. Kidhibiti cha bei rahisi huiburuta paneli mpaka volti za betri na kuacha robo ya nguvu ipotee. Kile kinachotafuta kilele cha nguvu, MPPT, hubadilisha volti za ziada kuwa ampea. Unapounga, anza na betri, paneli ifuate, ili kidhibiti kijue kinalisha nini. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Inveta usiihangaikie: kupandisha umeme hadi 230 ili friji iushushe tena hadi 12 ni kuchota maji kwa pakacha.

Kitu kinachowatesa watu wengi ni waya. Friji inakataa kuwaka, inaonyesha volti zimeshuka, na betri imejaa! Chukua mita. Kwenye betri unasoma 12.6; kwenye plagi ya friji, kompresa ikijaribu kuamka, unasoma 11.5. Volti moja na zaidi imeishia njiani. Waya wa milimita 1 ya mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampea 5 hula karibu volti 0.9, na plagi iliyolegea inamalizia. Badilisha uwe wa milimita 6 za mraba, hasara inashuka chini ya 0.2. Kwa uzoefu wangu, waya mnene umeponya friji nyingi kuliko fundi.

Halafu kuna upande ambao haununuliwi. Ukitia friji lita 10 za maji ya nyuzi 30 na kutaka yafike 4, lazima joto la takriban wati-saa 300 litolewe. Friji haitumii umeme wote huo, maana kazi yake ni kuhamisha joto, na kila wati ya umeme huhamisha zaidi ya wati moja ya joto. Bado ni kipande kikubwa cha chakula cha siku. Kwa hiyo vitu vipoe nyumbani, kabla ya safari. Kufungua kifuniko hakuna madhara makubwa kama watu wanavyodhani, kwani hewa baridi ni nzito na hutulia chini kwenye friji inayofunguka juu. Kuziba matundu ya kupumulia kwa mablanketi ndiko kunakoua.

Na kama friji yako ina vyumba viwili, kuna ujanja wa mchana. Ifikapo saa sita au saba, betri imejaa na paneli haina pa kupeleka umeme. Hapo ndipo pa kugandisha chupa za maji. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la wati-saa 93 hivi. Jioni zihamishie upande wa maziwa na nyama, na usiku huo vile vipindi vya kimya vitakuwa virefu kiasi cha kukufanya uinuke kuangalia kama friji imezimika.