Kutambua ndege wa mbugani kwa sauti

Kutambua ndege kwa sauti ni kuamua spishi yake kutokana na kinachosikika, kabla ya kumwona au bila kumwona kabisa. Msituni sababu iko wazi, kwani majani humficha ndege, lakini katika mbuga za nyasi, ambako macho hufika mbali, mtu angeweza kudhani kwamba njia hii haihitajiki. Sivyo. Ndege wengi wa nyasi ni wadogo, wana rangi ya udongo na majani makavu, hujificha chini kati ya mashina, na spishi za jamii moja hufanana kiasi kwamba hata aliyemshika ndege mkononi huweza kusita. Kwa maoni yangu, mbugani sauti ndiyo ushahidi wa kwanza, na manyoya huja kuuthibitisha.

Mfano ulio wazi zaidi ni sistikola, ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi mgongoni, ambao jenasi yao, yaani kundi la spishi za karibu, ina spishi takriban 50, nyingi mno kati yake zikiwa za Afrika. Mwingereza Hubert Lynes, ofisa wa jeshi la majini aliyegeukia elimu ya ndege, alichapisha mwaka 1930 uchambuzi mkubwa wa jenasi hii, na ndani yake sauti na mwenendo wa ndege akiwa hai vilipewa uzito pamoja na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho. Haja ya kufanya hivyo inaonekana hadi leo kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, ambako sistikola wa spishi mbili, Cisticola bodessa na Cisticola chiniana, karibu hawatofautiki kwa umbo, ilhali nyimbo zao ni tofauti. Huyo wa pili, ambaye ni wa kawaida katika nyika zenye migunga, hukaa juu ya kichaka akatoa noti mbili au tatu kali, kisha akamalizia kwa mtetemo mkavu kama wa kayamba.

Kinachosikilizwa hasa ni wimbo, yaani sauti ndefu yenye mpangilio ambayo kwa kawaida dume huitoa ili kulinda eneo lake na kuvuta jike. Milio mifupi ya kuonya au kuitana husaidia pia, ila ni migumu zaidi kwa sababu spishi nyingi huitoa kwa namna inayokaribiana. Katika wimbo msikilizaji huangalia mdundo, kupanda na kushuka kwa sauti na jinsi unavyoishia, lakini kwa ndege wa mbugani hilo halitoshi: ni lazima ajue pia wimbo umetoka wapi. Nyasi hufyonza sauti iliyo karibu na ardhi, na pale pasipo na miti hakuna tawi la kuimbia, kwa hiyo madume wengi huimba wakiwa angani. Cisticola juncidis huruka kwa kupanda na kushuka, na kila anaporuka juu kidogo hutoa noti moja kali. Cisticola brunnescens, anayepatikana katika nyanda za nyasi fupi kama zile za Athi nchini Kenya, hupanda juu sana, kisha hujitupa chini akipindapinda. Cisticola aridulus hupendelea nyasi kavu na huruka chini zaidi.

Mabawa yenyewe nayo yanaweza kuwa sauti ya kumtambulisha ndege. Kipozamataza, ndege mdogo wa ardhini, wa spishi ya Mirafra rufocinnamomea huzunguka juu angani na kupiga mabawa kwa mafungu ya mdundo maalumu, na madume wanaokaa jirani huelekea kuwa na mdundo mmoja. Ndugu yake, Mirafra africana, hukaa juu ya kichuguu au nguzo na kurudia mbinja chache tamu kwa muda mrefu; anapoimba akiruka, hata hivyo, huchanganya uigaji wa ndege wengine, na hapo msikilizaji mwenye haraka hupotea.

Majira nayo yana nguvu kubwa. Mvua zinapootesha nyasi, mbuga hujaa nyimbo, hasa alfajiri kabla ya upepo kuanza. Nje ya msimu wa kuzaa ndege walewale huweza kukaa kimya kwa muda mrefu.

Anayejifunza anaweza kulinganisha alichosikia na rekodi za Xeno-canto, hazina ya mtandaoni ya sauti za ndege iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo huonyesha pia mchoro wa kila sauti. Kupiga rekodi hizo kwa sauti ya juu mbugani si jambo jema, hasa wakati wa kutaga, kwa kuwa dume hudhani amevamiwa na huacha shughuli zake ili kumtafuta mpinzani asiyekuwepo. Anayerekodi mwenyewe aandike mahali, saa, urefu wa nyasi na alichokuwa akifanya ndege, kwa sababu noti moja fupi na kali isiyo na maelezo hayo inaweza kuwa ya sistikola wa spishi zaidi ya moja.