ZTL: herufi tatu za kuzijua kabla ya kutafuta chumba katika mji wa mlimani Italia

Ukienda Siena, Orvieto, Perugia au San Gimignano kwa gari, kabla hujaona mnara wala kanisa utakutana na herufi tatu: ZTL. Ni kifupi cha Zona a Traffico Limitato, yaani eneo la mji ambalo si kila gari linaruhusiwa kuingia. Wanaoingia ni wakazi, teksi, wenye ulemavu waliopewa kibali, magari ya mizigo kwa saa zilizopangwa, na yeyote ambaye namba za gari lake zimeandikishwa manispaa. Waliobaki wote wanaacha magari nje na kupanda kwa miguu.

Kinachowaponza wageni ni kwamba mpaka huu kwa kawaida hauna geti. Hakuna mti unaoshuka barabarani, hakuna askari wa kukuashiria urudi. Kuna kibao cha mviringo, cheupe chenye ukingo mwekundu, na juu ya nguzo kuna kamera inayosoma namba. Gari likipita, picha imeshapigwa. Dereva anaendelea kutafuta hoteli yake, ramani ya simu ikimwambia akate kushoto, na hana habari kwamba tayari ana deni.

Mara nyingi pembeni ya kibao hicho kuna ubao wa taa. Huo usome taratibu sana. Ukiandikwa “varco attivo”, mtu mwenye haraka anaelewa hivi: varco ni njia ya kuingilia, attivo ni inafanya kazi, basi njia iko wazi. Sivyo. Kinachofanya kazi ni kamera, na njia imefungwa kwako. Ruhusa ya kupita ni “varco non attivo”. Saa nazo hazifanani: mji mmoja unafunga mchana na usiku, mwingine unaachia jioni, mwingine unabadilisha ratiba majira ya joto. Usichukue desturi ya mji wa jana ukaitumia leo.

Siilaumu miji hii. Ilijengwa juu ya vilima na kuzungushiwa kuta kwa ajili ya ulinzi, na vichochoro vyake vilipimwa kwa mtu, punda na mkokoteni. Siena ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza Italia kufunga katikati yake kwa magari, miaka ya 1960. Kabla ya hapo magari yaliegeshwa hata Piazza del Campo, ule uwanja wa matofali unaoteremka mfano wa kombe, ambao leo watu wanakaa chini na kuota jua. Mimi naona walifanya jambo jema sana.

Lakini faini yake inauma. Huanzia euro 80 na kitu, na ukilipa ndani ya siku 5 tangu kuipokea hupunguzwa asilimia 30. Kama gari ni la kukodi, polisi wa manispaa wanaiuliza kampuni nani alikuwa dereva, na kampuni inakata pesa kwenye kadi yako kwa kazi ya kutoa jina hilo. Wengi wakiona makato hayo wanadhani wameshalipa. Hapana, hiyo ni ada ya kampuni tu. Faini yenyewe inakuja baadaye kwa barua, na sheria inawapa polisi hao siku 360 za kumfikishia mtu anayeishi nje ya Italia. Umesharudi nyumbani, safari umeisahau, ndipo bahasha inabisha hodi.

Ndiyo maana nasema maegesho yachaguliwe kwanza, kitanda baadaye. Tangazo la chumba likisema kiko “centro storico”, maana yake ni mji wa kale, na karibu kila mara huko ni ndani ya ZTL. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba kwa maandishi: Je, mko ndani ya ZTL? Nani atapeleka namba za gari langu manispaa, na kibali kinaanza saa ngapi mpaka saa ngapi? Hoteli nyingi zinaweza kukuombea, ila mara nyingi kibali ni cha kushusha mizigo tu, kisha gari litoke. Usikubali jibu la “usijali, ingia tu.” Jina litakaloandikwa kwenye faini ni lako.

Usipotaka mashaka hayo, lala “fuori le mura”, nje ya kuta, au kwenye agriturismo, nyumba ya wageni ndani ya shamba. Huko gari linalala karibu na mlango wako, na asubuhi unaliendesha mpaka chini ya kilima. Popote utakapolala utaombwa pasipoti, kwa sababu sheria inamtaka mwenyeji awaarifu polisi kuhusu wageni wake. Miji mingi pia ina tassa di soggiorno, kodi ndogo kwa kila mtu kwa kila usiku.

Kupanda kutoka maegesho si adhabu kama watu wanavyodhani. Perugia unaacha gari Piazza Partigiani na kusimama kwenye ngazi za umeme zilizowekwa mwaka 1983. Zinakupitisha tumboni mwa Rocca Paolina, ngome ambayo Papa Paulo wa Tatu aliamuru ijengwe miaka ya 1540 juu ya nyumba za ukoo wa Baglioni. Mitaa iliyofukiwa bado ipo: unatembea kichochoroni, milango na madirisha huku na huku, lakini juu hakuna anga, ni dari la matofali. Dakika chache tu unatokea Piazza Italia, kwenye mwanga, sanduku mkononi. Orvieto kuna behewa la kuvutwa kwa kebo kutoka stesheni ya treni hadi Piazza Cahen, na upande wa pili wa mwamba uliobeba mji, maegesho ya Campo della Fiera yana lifti na ngazi za umeme. Siena nayo ina ngazi za umeme kutoka maegesho ya Santa Caterina.

Ukishapata nafasi, tazama rangi ya mistari chini. Nyeupe ni bure, ingawa pengine kibao kinadai uweke disco orario, kadi ya kuonyesha saa uliyofika. Buluu ni ya kulipia kwenye mashine. Njano ni ya watu maalumu, iache. Kisha tazama michoro ya kibao: nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, na Jumamosi imo humo, msalaba ni Jumapili na sikukuu. Ukiona siku imetajwa pamoja na “rimozione”, gari litakalokutwa hapo siku hiyo linavutwa, iwe ni kwa usafi wa barabara au kwa gulio. Siena gulio ni Jumatano, kandokando ya ngome ya Fortezza, kwa hiyo ukiegesha upande huo Jumanne jioni, soma kibao kabla ya kufunga milango.