Sindano ya shoga yako siyo hiyo

Hata hajakaa kitini, keshapandisha mkono wa buibui. "Daktari, nipige ile ya shoga yangu. Moja tu, pua ikamkauka mwezi mzima." Mama wa Langoni, hapa Lamu, ana mzio wa pua, na wiki hiyo alikuwa wa nne kuniomba hiyo, akidhani ndiyo tiba ya kuzoesha mwili.

Ile ya shoga yako, mama, ni steroidi ya kukaa mwilini. Inazima moto, mwili haujifunzi kitu. Ikiisha, chafya zinarudi palepale. Ukiizoea inapandisha sukari, inakula mifupa, na tezi za juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinalala zikijua kazi ina mtu. Kuiita tiba ya kuzoesha ni kunitafuta maneno.

Kuzoesha ni kukupa kilekile kinachokutesa. Kwa wengi huku pwani ni utitiri wa vumbi, hauonekani kwa macho, unakula magamba ya ngozi yako ndani ya godoro la sufi, na unyevu wetu ndio raha yake. Tunaanza na chembe, tunapandisha kila wiki kwa miezi, kisha kila mwezi, miaka 3 mpaka 5. Kuna na vidonge vya chini ya ulimi, hivyo ni kila siku. Daktari Leonard Noon aliijaribu njia hii London, 1911, kwa chavua ya nyasi. IgE, kingamwili inayoleta mzio, inapata mpinzani, kingamwili nyingine iitwayo IgG4, fujo inapungua. Basi.

Na moshi wa udi? Huo unachoma pua tu, hauzoeshwi. Fungua dirisha.

Kila sindano, dakika 30 kwenye benchi langu. "Daktari, mashua ya Matondoni inaondoka!" Iende. Mara chache mwili wote huripuka, koo likavimba, presha ikaanguka, na adrenalini, dawa ya kuokoa hapo, iko kwenye droo yangu, haiko mashuani. Mwenye pumu isiyotulia simpigi kabisa, hata aje na wazee.

Kinachoninyima usingizi ni kipimo cha ngozi, kile cha kuchoma ngozi kidogo kwa tone la kitu tunachokishuku. Kipele kikivimba kinasema mwili unakijua kitu hicho, hakisemi ndicho kinachokuziba pua. Kijana mmoja nilimdunga utitiri karibu mwaka, hana nafuu. Siku moja nikapita kwao asubuhi, nikamkuta anakung'uta sogi la punda, macho mekundu, chafya haihesabiki. Sikuwahi kumuuliza kazi yake. Na hata nikipatia, sina namna ya kujua mapema tiba itamkubali nani.

Yote haya nilimweleza yule mama. Akashusha mkono wa buibui taratibu.

"Miaka mitatu?"

"Mitatu, kwa uchache."

"Na ile ya shoga yangu, shilingi ngapi?"