Mtoto mchanga hajifunzi Kifaransa kwenye katuni

Hapa Lubumbashi, akina mama wengi wanaotuletea watoto wapimwe usemi hutueleza jambo moja kwa fahari: mtoto hajafikisha miaka miwili, lakini kila siku anawekewa katuni za Kifaransa kwenye simu ili asipate shida siku ya kuanza shule. Nia yao ni njema. Mtoto asiyesikia Kifaransa nyumbani hupata taabu darasani, na mzazi gani atapenda kuona hivyo? Ila katuni hazitamfikisha anakotaka mama.

Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 waliozoea kusikia Kiingereza. Kundi moja lilikutana mara 12 na watu wanaozungumza Kimandarini, lugha ya Wachina, wakiwasomea vitabu na kucheza nao. Kundi lingine lilipata Kimandarini hichohicho, mara hizohizo, lakini kwenye televisheni. Watoto wa kundi la kwanza waliweza kutofautisha sauti za lugha ile. Wale wa televisheni hawakuambulia kitu; walikuwa sawa na watoto ambao hawajawahi kuisikia kabisa.

Tazama bibi anavyokaa na mjukuu barazani. Mtoto ananyooshea jogoo kidole, bibi anasema "jogoo", kisha anangoja. Mtoto anatoa sauti yake, bibi anacheka, analirudia neno. Mtoto mchanga hushika lugha kwa kujibiwa namna hiyo, mara mamia kwa siku. Katuni haimngoji. Inaendelea kusema hata akigeuza uso, hata akilia.

Ndiyo maana simu ya video ni jambo tofauti kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwafundisha watoto wa miaka miwili na kidogo maneno mapya. Waliofundishwa na mtu anayewaona na kuwajibu kwenye skrini walijifunza kama wale waliokaa naye uso kwa uso. Waliotazama video iliyorekodiwa hawakujifunza. Baba anayefanya kazi Kolwezi na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi asisite, basi, kutumia mega zake za intaneti kumpigia mwanawe kwa video. Amwite jina, amwulize amekula nini, angoje jibu hata kama ni "ba-ba-ba".

Na mama asiyejua Kifaransa? Azungumze Kiswahili, Kibemba, Kiluba, lugha yoyote inayomtoka bila kujilazimisha. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu nimeona akina mama wakinyamaza mbele ya watoto wao kwa kuona lugha yao haifai. Mtoto aliyezoea kuzungumzishwa kwa lugha ya nyumbani ana msingi wa kupokelea Kifaransa cha mwalimu. Na kuhusu katuni, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kutazama tu, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Wazazi haohao hutuuliza kuhusu mkubwa wao, wa miaka 14 au 15, na simu yake. Hapo hatuogopi lugha tena, na hofu kwamba simu inamharibu kijana imetiwa chumvi. Mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani. Waliona kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za hali njema kati ya kijana na kijana. Kijana akibadilika tabia, tafadhali, msimnyang'anye simu na kudhani mmemaliza. Muulizeni kinachomsumbua.

Usingizi, hapo ndipo nawaomba muwe wakali. Umeme ukikatika jioni na kurudi saa tano usiku, kijana anaamka kuchaji simu, anafungua ujumbe wote uliomsubiri, na saa moja na nusu asubuhi anatakiwa awe darasani. Umri huo unahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Simu zichajiwe sebuleni, na ya baba iwe hapohapo pamoja na zao.