Picha ya moyo kwenye MRI: sumaku kubwa peke yake haitoshi

Dhana: MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, huupiga moyo picha moja, chap, kama simu.
Ingekuwa hivyo tungemaliza kazi mapema. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika una milisekunde 1000 kwa kila pigo, na muda wa kutulia humo ni mfupi, pale unapojaa damu. Kwa hiyo picha moja hukusanywa vipande vipande: kila pigo linachangia mistari michache, kisha kompyuta inaiunganisha. Kazi ya zile stika za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kifuani ni kuiambia mashine pigo limeanza lini. Stika ikilegea kwa jasho au nywele, hesabu inaharibika na ukuta wa moyo unatoka na ukungu. Afadhali upoteze dakika mbili kunyoa na kusugua ngozi vizuri.

Na hata stika zikishika, sumaku ina vituko vyake. Damu inayopita kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ndani ya sumaku huzalisha umeme wake; wimbi la T, linalokuja kwenye ECG baada ya pigo, linavimba, na mashine inaweza kulidhania kuwa R, wimbi refu la mwanzo wa pigo. Ndiyo maana ECG ya ndani ya MRI haitumiki kutafuta mshtuko wa moyo. Pale ni saa tu ya kuonyesha pigo limeanza lini.

Dhana: Vuta pumzi nyingi, ubane.
Wagonjwa wengi hujaza kifua kama wanaopiga mbizi. Ukweli ni kwamba kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hurudi mahali palepale kwa uhakika zaidi ukishatoa pumzi. Maelekezo mazuri ni: “Vuta… toa… usipumue.” Sekunde 10 hadi 15 hivi. Fanyeni mazoezi kabla mgonjwa hajaingia, maana ndani kuna kelele na hofu. Asiyeweza kubana hakataliwi: mashine inaweza kukifuatilia kiwambo na kupokea data kikiwa mahali pake tu.

Dhana: Tesla 3 lazima ishinde tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku).
Kwa ubongo, mara nyingi ndiyo. Kwa moyo, uliozungukwa na hewa ya mapafu, sumaku kali zaidi huongeza michirizi myeusi kwenye picha za mwendo, zinazoonyesha moyo ukipiga. Mimi nikipewa nichague, 1.5 inanitosha.

Dhana: Bila gadolinium, dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani, picha haisomeki.
Kwenye picha za mwendo damu inang'aa yenyewe. Gadolinium tunaihitaji hasa kutafuta kovu, dakika 10 hadi 20 baada ya kuichoma. Hapo kuna kitufe kimoja cha kuhangaika nacho: muda wa kusubiri kabla ya kupokea data, ili msuli wenye afya uzimike kwenye picha. Ukiupatia, msuli wenye afya unakuwa mweusi ti na kovu jeupe. Ukikosea kidogo, vyote vinakuwa kijivu na kovu dogo linajificha. Tena muda huo unasogea kadiri dawa inavyotoka mwilini, kwa hiyo uliofaa mwanzoni hautafaa mwishoni.

Dhana: Moyo usiopiga kwa mpangilio haupimiki.
Unapimika. Mapigo yaliyopotoka hutupwa, au picha hupigwa papo kwa papo. Ukali unapungua, lakini daktari anaona moyo unavyosukuma.